Nyuzi za udi, mshipi wa kuvulia na hesabu kidogo

Leo hakuna PHP wala MySQL. Leo ni udi, na swali ni fupi: uzi ukikatika ukiwa Msambweni, utautoa wapi mwingine?

Wengi hujibu haraka: nenda Ukunda, nunua nyuzi za gitaa, funga, yamekwisha. Hayajakwisha. Tazama udi ulivyoundwa. Tumbo lake ni mbavu nyembamba za mbao, zimepindwa kwa moto na kuunganishwa kwa gundi. Uso ni ubao wa milimita 2 hivi. Nyuzi kwa kawaida ni 11, jozi 5 na mmoja wa peke yake, nazo hufungwa kwenye daraja lililogandishwa juu ya ubao huo huo. Nyuzi 6 tu za chuma za gitaa huvuta jumla ya kilo 70 hivi. Ukichanganya na joto na unyevu wa pwani yetu, daraja litang'oka na kipande cha uso.

Sasa kisa chenyewe. Mjomba wangu ana udi uliotundikwa tangu jozi mbili za juu zikatike. Hoteli moja ya Diani imetaka kuununua uwe pambo la ukutani. Bei ni nzuri, na wajukuu wana karo. Akaniita: "Mpwa wangu, wewe mtu wa kompyuta. Nambie kama utalia tena. Kama haulii, nauza."

Kabla ya nailoni watu walifanyaje? Al-Kindi wa Baghdad, karne ya 9, aliandika kuwa nyuzi mbili nene za udi ni za utumbo na mbili nyembamba ni za hariri. Karne iliyofuata, Ikhwan al-Safa wa Basra walitoa hesabu ya nyuzinyuzi za hariri katika kila uzi: 64, 48, 36, 27. Kila namba ni robo tatu ya iliyotangulia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia nailoni ikachukua nafasi ya utumbo, maana haiozi na haisumbuliwi sana na unyevu.

Nikaandika programu ndogo. Kiini chake ni mstari mmoja:

mvuto = uzito wa mita moja × (2 × urefu × mitetemo kwa sekunde)²

Jibu huja kwa nyutoni. Gawanya kwa 9.8 upate kilo. Udi wa mjomba una urefu wa sentimita 60 kutoka shingoni hadi darajani. Uzi wa juu kabisa, mitetemo 261.6, ukiwa wa nailoni ya milimita 0.60, unavuta kilo 3.2. Unaofuata, mitetemo 196, unataka milimita 0.80 kwa mvuto ule ule. Wa tatu ungetaka 1.07 na wa nne 1.42, na hapo nailoni tupu hulia kama kamba ya mbuzi. Ndiyo maana nyuzi nene huviringishwa waya mwembamba wa shaba: uzito unaongezeka, uzi unabaki laini.

Nikarudi kwa wazee wa Basra. Kama 64 na 48 zingekuwa unene, mvuto ungelingana kwenye nyuzi zote. Lakini ni idadi ya hariri, yaani uzito. Kwa hiyo uzi wao mwembamba ulivutwa mara 2.4 ya ule mnene. Namba nzuri, lakini mkono wa mpigaji ungezisikia.

Nyuzi nene za mjomba bado nzima. Kilichokosekana ni nailoni ya 0.60 na 0.80, na hiyo pwani nzima tunayo: mshipi wa kuvulia! Usiamini maandishi ya paketi. Nilipima kwa mikromita ya fundi mmoja wa mashine, sehemu kadhaa za kila kipande, kwa sababu mshipi usiolingana unene haukubali kupatana hata ukauzungusha kigingi mpaka asubuhi. Vipande vingi vilitupwa. Vinne vikapita.

Nailoni mpya hunyooka, kwa hiyo wiki ya kwanza udi ulishuka sauti kila siku, na kila siku mjomba aliupandisha. Siku ya sita ulitulia. Siku ya saba wa hotelini akapiga simu kuulizia jibu. Mjomba alimwambia udi una kazi, ila kama wanataka mpigaji wa jioni, wazungumze bei. Wanazungumza.

Programu ni mistari 20 hivi, anayeitaka aseme. Pima urefu wa udi wako kwanza, ndipo uende dukani.