Safari ya Kuyafuata Maji ya Mombasa

Mtu akaaye kisiwani Mombasa huzungukwa na maji pande zote, wala hawezi kuyanywa. Visima vingi vina chumvi, na vingine huchafuliwa na vyoo vya mashimo. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha watu 1,208,333, na katika mitaa mingi maji huuzwa kwa mitungi juu ya mikokoteni. Nilipoyaona hayo nilitaka kujua maji ya mfereji hutoka wapi, nikafunga safari.

Nilishika barabara ya Nairobi. Nilipita Maji ya Chumvi, mahali ambapo jina lake lamtosha mgeni kuijua nchi ile, kisha Voi, hata Mtito Andei, nikaingia mbuga ya Tsavo Magharibi. Huko nchi ni miiba na mawe meusi ya volkeno. Kumbe katikati ya ukavu huo pana miwale na mikuyu, na maji maangavu hata samaki waonekana chini. Ndiyo Mzima, nyumbani kwa viboko.

Asili ya maji hayo ni vilima vya Chyulu. Mvua inyeshapo huko haifanyi mito. Huzama katika mawe yenye matundu, ikachujwa chini kwa chini, hata ikatokeza Mzima. Bomba lililojengwa katika miaka ya 1950 huchukua sehemu yake kwa mteremko mpaka pwani, mwendo wa kilomita 220 hivi. Yaliyobaki huingia Mto Tsavo, ambao hukutana na Athi na kuwa Galana, na karibu na bahari huitwa Sabaki. Huko Baricho vimechimbwa visima kando ya mto, na maji yake hupelekwa Malindi, Kilifi na Mombasa pia. Basi Chyulu huinywesha pwani kwa njia mbili.

Mji unakua, na bomba la zamani halitoshi. Imepangwa mipango ya bomba la pili la Mzima, na ya bwawa katika Mto Mwache, Kwale. Mipango hiyo ni mizuri, lakini bomba halizai maji. Msitu wa Chyulu ukikatwa kwa makaa na kuteketezwa kwa moto, tutakuwa kama mtu anunuaye debe la pili hali kisima chake chakauka. Tena wako wakulima wa Taita-Taveta, ambao kwa miaka mingi wamelalamika kwamba bomba lapita kwao nao wana kiu. Mlinzi wa chemchemi asiyepewa maji atailinda kwa moyo gani?

Wazee wa pwani walikinga mvua ya mapaa katika mabirika. Nasi yatupasa kufanya vivyo hivyo. Na karani afunguapo mfereji wake asubuhi, aukumbuke msitu ulio mbali asikouona.