Naomba Kukukata Kalima

Aghalabu husemwa kwamba Kiswahili ni lugha ya ushairi na siasa, na kwamba kikifika kwenye matumbo ya tarakilishi hukosa la kusema. Kauli hii niliisikia tena kwa mwanafunzi mwenzangu wa sayansi ya tarakilishi. Alishikilia kuwa somo lake la viendeshi vya vifaa halifundishiki kwa Kiswahili, akatoa mfano wa kile akiitacho "intarapti". Nilimwomba anieleze kwanza kazi yake, jina tulitafute baadaye.

Kichakataji hutekeleza amri za programu kwa kasi kubwa, ilhali kibodi, diski na kadi ya mtandao huenda polepole mno kikilinganishwa nacho. Lau kingeviuliza kila mara kama vina jambo, kingepoteza muda mwingi bure. Kwa hiyo kifaa hupewa njia ya kubisha. Mtu abonyezapo herufi, ishara hupelekwa. Kichakataji humaliza amri kilicho nayo, huhifadhi mahali kilipofikia, kisha hurukia sehemu ya kiendeshi iliyoandikwa kwa ajili ya kifaa hicho. Sehemu hiyo ikimaliza, hurejea palepale kilipoachia.

Hapo nikamwambia: huku ni kukata kalima! Barazani, mwenye adabu hamkatizi mzungumzaji katikati ya neno. Husubiri neno liishe, huomba radhi, husema lake kwa ufupi, kisha humrudishia mwenzake uwanja. Mzungumzaji naye hukumbuka alipokomea. Basi nikapendekeza tuseme "katizo", na sehemu ya kiendeshi inayolishughulikia tuiite "kipokezi cha katizo".

Mwenzangu hakuridhika upesi. Aliuliza kama neno hilo linabeba pia masharti ya kazi. Katika Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kipokezi hufanya yale ya dharura tu: hukiashiria kifaa kwamba kimesikika, huchukua kisichoweza kungoja, na kuahirisha yaliyobaki. Tena ni mwiko kipokezi kulala, yaani kusimama kikingojea jambo jingine. Kikikawia, makatizo mengine hucheleweshwa, pakiti za mtandao zaweza kupotea, na hata tarakilishi yenyewe kuganda. Nilimjibu kwamba masharti hayo yamo katika adabu ileile. Aliyeomba kukata kalima kisha akahutubia saa nzima, huyo amepora baraza.

Kukopa si dhambi. "Kompyuta" na "tarakilishi" zinaishi pamoja. Hata hivyo, "intarapti" humpa mwanafunzi sauti tupu, ilhali "katizo" humpa nusu ya somo kabla mwalimu hajafungua kinywa. Isitoshe, neno hili lina jamaa zake: katiza, katizwa, ukatizaji.

Mwenzangu sasa husema "katizo" tunapozungumza, lakini katika mtihani huandika Kiingereza, kwa kuwa ndicho anachotahiniwa nacho. Simlaumu. Wanafunzi wenzangu wa Kiswahili, istilahi za sayansi hatutazipata kwa kufungua kamusi peke yake. Hima, twendeni maabara, tuwasikilize wenye kujua mambo yanavyofanya kazi, kisha tuombe radhi na tuwakate kalima.