Breki Zilipozama Njia ya Nyamongo

Tangu mama mkwe apatwe na kiharusi na kupooza upande wa kulia, gari letu liliacha kuwa la harusini na sokoni. Mgonjwa wa namna ile huwezi kumpakia bodaboda, na hapa Nyamwaga ukiacha bodaboda utabaki na michomoko, yale magari madogo ya abiria, ambayo hayaondoki mpaka yajae. Corolla yetu ya gia za mkono ndiyo iliyokuwa miguu yake. Ilimpeleka mazoezi ya viungo Tarime mjini, ikampeleka kanisani na kwenye misiba ya ndugu zake. Mume wangu anafanya kazi mbali, kwa hiyo dereva ni mimi.

Dalili ya kwanza ilikuwa taa nyekundu ya breki kwenye dashibodi. Nikikata kona inawaka, nikinyoosha inazima. Nilifungua boneti nikakuta mafuta ya breki kwenye kikopo yameshuka chini ya mstari wa MIN. Nikaingia gereji moja ya njiani. Walijaza, wakafunga kifuniko, wakaniambia gari ni salama, niende zangu.

Haikupita muda mrefu tukapata msiba Nyamongo. Njia hiyo inashuka kuelekea bonde la Mto Mara, na haiishi malori. Nilikuwa na mama mkwe mbele, watoto nyuma. Katikati ya mteremko, mbele yetu kukiwa na lori la mchanga linalojivuta, nilikanyaga breki na pedali ikazama karibu na sakafu. Gari likapungua mwendo kidogo tu, halafu likaendelea. Nikapampu haraka haraka, ikashika nusu, ikazama tena. Nikarudisha gia ya tatu, ya pili, injini ikalia kwa nguvu. Hendibreki niliivuta taratibu huku nimebana kitufe chake, maana ukiivuta kwa mkupuo kwenye barabara ya vumbi, gari linageuka. Lori lilikuwa limebaki hatua chache nilipoona upande wa mlimani kijia cha kuingilia shamba la migomba, kinapanda. Nikakata huko. Gari likapanda, likachoka, likasimama. Mama mkwe, ambaye maneno yalikuwa bado yanamtoka kwa shida, alinishika mkono akasema, "Mwanangu, Mungu yupo." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake marefu kuliko yote tangu augue.

Gari lilivutwa hadi nyumbani. Fundi aliyekuja kulitazama alikanyaga pedali, akatangaza kwamba masta silinda imekufa, akataja bei. Fedha ile hatukuwa nayo. Tulikuwa tumeuza ng'ombe kwa ajili ya matibabu, na ada za shule zilikuwa mlangoni. Usiku ule nililia. Lakini kitu kimoja hakikuniingia akilini: masta silinda ikifa kwa ndani, pedali huzama, ila mafuta hayaendi popote. Yanazunguka mle mle. Kwenye kikopo changu yalikuwa yanapungua. Yanayopungua yana mahali yanapotokea.

Asubuhi nilijaza mafuta, nikasogeza gari hadi mahali tambarare, nikaweka magogo kwenye tairi. Nikapasua maboksi ya sabuni, nikatandika kipande chini ya kila gurudumu na kingine chini ya injini, nikakanyaga pedali mara nyingi, kisha nikaliacha lilale. Kesho yake maboksi yote yalikuwa makavu isipokuwa la nyuma kushoto. Nikapapasa tairi kwa ndani, upande usioonekana ukisimama nje: unyevu ulikuwa umechora mstari kutoka kwenye drumu hadi kwenye rimu. Niliusugua kati ya vidole. Ulikuwa mwepesi, unateleza, hauna uzito wa oili ya injini. Hapo ndipo moyo wangu ulipotulia, maana tatizo lenye mahali lina matengenezo.

Kijana mmoja fundi, mtulivu sana, alikuja na spana zake. Alipogongagonga drumu na kulitoa, breki shuu zilikuwa zimelowa chapachapa. Alibenua raba ya vumbi ya wili silinda, mafuta yakachuruzika. Tulikuwa tumetarajia kubadilisha raba tu, lakini alipoifungua silinda na kuipitishia kidole akanionyesha: kutu ilikuwa imeitoboatoboa vijishimo. Raba mpya ingekatika upesi. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, na mafuta yetu yalikuwa ya kahawia kabisa kwa uzee. Si kutu peke yake inayotisha. DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205, ila ikishafyonza maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 140, na mteremko mrefu huchemsha breki.

Alifunga silinda mpya, na shuu mpya pande zote mbili, kwa sababu shuu iliyolowa haisafishiki ikawa ya kuaminika, na upande mmoja ukishika kuliko mwingine gari linavuta. Gharama yote ilikuwa sehemu ndogo ya ile bei ya masta silinda.

Kisha tukatoa upepo. Mimi kwenye pedali, yeye chini na mpira unaoonyesha ndani uliochomekwa kwenye nipeli, ncha yake imezama kwenye chupa. "Mama, pampu. Shikilia." Analegeza, pedali inashuka. "Usiachie!" Anakaza. "Achia." Mapovu yalitoka mengi, yakapungua, yakaisha, tukahamia gurudumu lingine, tukiangalia kikopo kisikauke. Mwishoni pedali ilikuwa ngumu na iko juu.

Mama mkwe amerudi kwenye mazoezi, na sasa anatembea kwa fimbo. Jirani mwenye Noah alinijia juzi, taa yake nayo inawaka. Tukatandika maboksi. Yote yalibaki makavu. Fundi alipofungua magurudumu ya mbele alikuta pedi zimelika hadi karibu na chuma. Pedi zikilika, pistoni husogea nje na mafuta hushuka kwenye kikopo bila tone kuvuja. Alifunga pedi mpya, akazirudisha pistoni ndani, na kiwango kikapanda chenyewe hadi juu ya mstari.