Moyo Unaodunda Usiku

Binti yetu alipogundulika ana lupasi iliyokwisha kushika figo, tulikubali matibabu bila ubishi. Wodini aliwekewa dripu ya methiliprednisoloni, gramu 1 kwa siku, siku 3 mfululizo. Hiyo ni dawa ya jamii ya steroidi, na kwa nguvu gramu hiyo ni sawa na vidonge 250 vya prednisoloni vya miligramu 5. Nesi aliiachia polepole, zaidi ya saa nzima, nasi tukanung'unika kwamba anatuchelewesha. Baadaye ndipo tulipoambiwa kuwa dozi kubwa namna ile ikiingia haraka inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hata kuusimamisha.

Tulirudi nyumbani na vidonge 10 kila asubuhi, pamoja na dawa ya kupunguza maji mwilini. Uvimbe wa miguu ukapungua, tukatoa sadaka ya shukrani. Wiki ya tatu, usiku, akatuamsha: "Mama, moyo unanienda mbio, halafu unaruka."

Kanisani tunautaja moyo kila Jumapili, lakini sisi wawili hatukuwahi kuhesabu mapigo yake. Tuliomba hadi alfajiri. Asubuhi mpendwa mmoja wa jumuiya yetu, kwa nia njema kabisa, akasema dawa ndizo zinazomdhuru. Tuziweke kando, tusimame kwa imani. Tukazificha kabatini. Tunaandika haya kwa aibu: hatukumwuliza binti yetu, ambaye moyo ni wake. Jioni alituambia tu, "Baba, Mama, hata mimi naamini. Nipelekeni hospitali."

Presha ilikuwa 170 kwa 110, na potasiamu kwenye damu imeshuka. Daktari alitueleza kwamba steroidi huufanya mwili ushikilie chumvi na maji, presha ikapanda, na huitoa potasiamu kwenye mkojo. Dawa ya maji nayo ilikuwa imeongezea hapo. Potasiamu ikipungua, umeme wa moyo huyumba. Tulipokiri habari ya kabati hakutugombeza, ila uso wake ulibadilika. Alisema wiki kadhaa za dozi kubwa huzilaza tezi zilizo juu ya figo. Dawa ikikatwa ghafla, presha inaweza kuanguka na mgonjwa akafa. Hupunguzwa kidogo kidogo.

Akapewa potasiamu na dawa ya presha, akalazwa siku 2 chini ya mashine ya moyo. Mchungaji alikuja, akaomba kwa kifupi, kisha akauliza dawa zinamezwa saa ngapi.

Sasa yuko kwenye kidonge kimoja na nusu. Kipimo cha presha kinakaa mezani karibu na Biblia, na kabla ya sala ya jioni binti yetu hufunga mkanda mkononi, nasi tunanyamaza hadi namba zitokee. Mpendwa yule bado anakuja kuomba pamoja nasi. Naye tumemfundisha kuzisoma.