Sinema ya Kula: Alasiri Moja Kibomet

Aendaye Kibomet kutoka Mombasa huipanda nchi kama mtu apandaye ngazi ndefu. Tulishika treni ya asubuhi pale Miritini, tukalala Nairobi usiku mmoja, na siku ya pili tukashinda garini kutwa nzima: Nakuru, Eldoret, Moi's Bridge, hadi Kitale, mji ulio karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Reli ya zamani ilifika Kitale mwaka 1926, lakini sisi tulifika kwa matatu, magoti yakiwa kidevuni na mkungu wa ndizi wa abiria mwenzetu mapajani.

Kibomet ni kiunga cha mji huo. Tulikwenda mwezi wa Disemba, wakati mahindi yamekwisha kuvunwa na kuanikwa juu ya maturubai kandokando ya njia. Mlima Elgon, wenye mita 4,321, huonekana wazi asubuhi, kisha mchana hujifunika mawingu kama bibi harusi. Sisi watu wa Kibokoni tulivaa sweta mbili mbili, na kila alfajiri watoto walichekeana kwa moshi uliowatoka vinywani.

Hatukwenda kutazama mlima. Shangazi yetu aliolewa huko akiwa msichana, na mumewe, mfanyabiashara wa nafaka, amekwisha kutangulia mbele ya haki. Wanawe wametawanyika kwa kazi. Jirani mmoja alitupigia simu akasema kuwa Bi Mkubwa hatoki tena nje ila kwa nadra, na kwamba taa ya jikoni huwaka hata mchana. Tukafanya baraza la ukoo, tukakata shauri: tutampandia, tutamfungia mizigo, tutamteremsha Mombasa akae nasi. Tulikuwa na hakika ya jambo hilo kiasi kwamba tulikwisha kumnunulia godoro.

Shangazi alitupokea kwa mikono miwili, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kuwa mambo ya kuhama hayazungumzwi na mtu mwenye njaa. Kabla ya lolote alitaka jambo moja. Alitaka apelekwe sinema. Si sinema ya kukaa kimya na bisi mkononi. Alitaka sinema ya kula.

Wasomaji wetu wenye umri watalielewa neno hilo bila tafsiri. Wakati wa majumba ya Regal na Naaz pale Mombasa, kwenda sinema hakukuwa kutazama picha tu. Nguo zilipigwa pasi tangu asubuhi, na vikapu vilifungwa. Filamu ya Kihindi ni ndefu na ina mapumziko katikati, na intavali hiyo ndiyo iliyokuwa karamu: viazi vya karai, bajia, mishikaki, muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu. Palikuwa pia na maonyesho ya wanawake peke yao, Mombasa na Unguja, ambapo mabuibui yalijaa ukumbi mzima na kilio cha huzuni kilikuwa cha pamoja. Dar es Salaam walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1966 ilifunguliwa sinema ya magari, ya wazi, na familia zilifika na masufuria ya pilau na mikeka ya kutandika kando ya gari. Leo mahali hapo pamesimama ubalozi wa Marekani. Mwanahistoria Laura Fair ameandika kitabu kizima juu ya sinema za Tanzania, kilichotoka mwaka 2018, na anayekisoma atashangaa ni kiasi gani cha historia yetu kimekaa gizani kwenye viti hivyo.

Desturi hiyo haikufa yote. Tamasha la filamu la Zanzibar limekuwa likionyesha picha za watengenezaji wadogo ndani ya Ngome Kongwe tangu mwisho wa miaka ya 1990, na ukitoka mlangoni unaingia Forodhani, penye urojo na mishikaki. Nairobi, mtaa wa Kilimani, pana sinema ndogo iitwayo Unseen, inayoonyesha filamu ambazo majumba makubwa hayazishughulikii, na yenye mkahawa wake papo hapo. Binti yetu mkubwa alishauri tumpeleke Bibi huko. Lakini kutoka Kitale hadi Nairobi ni karibu kilomita 380, na Shangazi alisema kuwa hana haja na ghorofa; anataka ukuta mweupe na sahani.

Basi tukatafuta ukuta mweupe Kibomet.

Tulichokipata ni kibanda cha video: mabati pande zote, mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni, na bango la chaki lenye saa za mechi za Uingereza. Kiingilio ni shilingi 20 kwa filamu na 50 kwa mpira. Siku nyingine hupigwa filamu zenye sauti ya DJ Afro, yule mtangulizi wa wasimuliaji wa Kenya ambaye huifunika sauti ya asili na kuieleza hadithi upya kwa Kiswahili cha mtaani, kwa mbwembwe ambazo mwenye filamu hakuziwaza. Wateja ni vijana wa kiume. Mwanamke mzee mwenye buibui hana pa kukaa pale, na hakuna aliyemkataza. Hakuna tu aliyewahi kufikiri kwamba angetaka. Upande wa pili wa ukuta pana hoteli, yaani chumba chenye meza nne, jiko la kuni na chai ya maziwa isiyokatika. Dirisha moja linaunganisha pande hizo mbili, na kupitia dirisha hilo vijana huagiza chapati bila kuyaondoa macho yao kwenye mpira.

Dirisha lile ndilo lililotupa matumaini. Tukaketi na kijana mwenye kibanda na mama mwenye hoteli, tukaeleza haja yetu. Kijana alikuna kichwa. Jumamosi na Jumapili haiwezekani, akasema, watamchomea kibanda. Jumanne mchana hakuna mechi. Tukakubaliana shilingi 1,500 kwa alasiri nzima, wanawake na watoto peke yao, na yeye mwenyewe akae nyuma ya mashine bila kugeuka.

Habari ya chakula ilihitaji maneno zaidi. Mwenye hoteli si Mwislamu, na hatukutaka kumvunjia heshima katika jiko lake. Shangazi, anayekaa naye jirani miaka mingi, alilimaliza jambo kwa sentensi mbili. Kuku wangechinjwa na kijana wa msikitini, sufuria zingetoka nyumbani kwake, na moto ungekuwa wa mwenye hoteli. Mama yule aliziosha sufuria hizo tena mbele yetu, ingawa zilikuwa safi, kisha akauliza kama mrenda na sagaa zina masharti yoyote. Hazina. Akafurahi, maana alitaka nasi tuonje mboga za kwake.

Jumanne walifika wanawake kama 30. Tuliwatarajia kumi. Wapo waliokuja na vitenge, wapo waliokuja na mabuibui, mmoja alikuja na kuku wake mwenyewe aliye hai kwa kuwa alikuwa akitoka sokoni. Filamu aliyoichagua Shangazi ni Awara, ya mwaka 1951, ambayo binti yetu aliibeba ndani ya flashi. Raj Kapoor aliiongoza na kuiigiza, na Nargis akawa mwanasheria Rita. Huanzia mahakamani: kijana ameshitakiwa kwa kutaka kumuua hakimu, naye Rita amesimama kumtetea. Kisha hadithi hurudi nyuma, kwa hakimu huyo huyo aliyemfukuza mkewe mja mzito kwa dhana tu, na mtoto akazaliwa na kukulia katika mitaa ya mafukara. Wapo wazee wa pwani ambao wameiona mara nyingi kuliko walivyohudhuria harusi.

Tatizo ni lugha. Nani Kibomet ajuaye Kihindi? Shangazi akasema: punguzeni sauti, nitawaeleza mimi. Tukamkalisha mbele kwenye kiti cha plastiki, naye akawageukia watu. Hapo tukamwona mtu ambaye hatukuwahi kumwona. Aliifanya sauti ya hakimu kuwa nzito na ya Rita kuwa kali. Alinong'ona palipohitaji kunong'onwa. Aliingiza methali za Lamu katika vinywa vya watu wa Bombay. Wanawake waliguna pamoja, wakamlaani hakimu pamoja. DJ Afro angekaa chini akajifunza.

Tulifika mahali ambapo mtoto Raj, mama yake akiwa na njaa, anaiba mkate. Umeme ukakatika.

Ikawa ndiyo intavali. Mwenye hoteli akawasha kandili mbili, na kupitia dirisha lile sahani zikaanza kupita: wali, mchuzi wa kuku, chapati, mrenda, chai. Waliotaka kuswali Alasiri walitandikiwa mkeka nyuma ya hoteli. Tulikula gizani nusu na nuruni nusu, na mazungumzo yakawa juu ya yule mtoto na mkate wake, na kama ni haki kumfunga mwizi mwenye njaa, na mwanamke mmoja akasimulia jambo la nyumbani kwake ambalo hatutaliandika hapa. Hatujui mkahawa wa Mombasa ambamo tumekula vizuri kuliko siku ile, ingawa chapati ya kwanza ilikuwa imeungua upande mmoja.

Umeme uliporudi, kijana akaiwasha mashine. Filamu ikaanza upya tangu mwanzo, kama zifanyavyo mashine hizo. Kwenye ukuta ikatokea tena mahakama, majoho meusi, Rita amesimama. Naye Shangazi, uso wake sasa ukielekea ukutani, akaendelea pale alipoachia: mtoto anakimbia na mkate, watu wanamfukuza, ameshikwa, huyo anapelekwa jela, na huko jela, jamani, anapewa mkate.

Wanawake walicheka wakidhani ni ufundi wa msimuliaji. Sisi hatukucheka. Tulitazamana. Mtoto wetu mdogo akafungua kinywa kusema, mama yake akamfunika kwa kiganja. Kijana wa mashine aliipeleka filamu mbele haraka haraka mpaka picha ikakutana na maneno, na Shangazi hakujua kuwa palikuwa na kitu cha kukutanishwa. Aliisimulia yote hadi mwisho, hadi kifungo cha miaka mitatu na ahadi ya Rita ya kungoja. Watu walilia kama inavyopasa.

Njiani kurudi ndipo tulipoyaona tuliyopaswa kuyaona tangu siku ya kwanza. Taa inayowaka mchana. Kidole kinachotangulia ukingo wa kikombe. Hatua alizozihesabu kutoka mlangoni hadi chooni, ambazo tulidhani ni nyuradi.

Usiku ule tulimuuliza. Alikanusha kwanza, kisha akakubali: tangu mvua za mwaka uliopita ameona ukungu, na sasa anatofautisha mwanga na giza, basi. Alificha kwa sababu alitujua. Tungesikia, alisema, tungekuja na gari na kamba za mizigo. Tulikuwa tumekuja na kamba za mizigo.

Asubuhi tulimpeleka hospitali mjini Kitale. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Maradhi haya Shirika la Afya Duniani huyataja kuwa sababu kubwa ya upofu ulimwenguni, na dawa yake ni upasuaji wa muda mfupi: lenzi iliyofifia hutolewa, ya bandia huwekwa, na aghalabu mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile. Miezi yote hiyo tulikuwa tukituma pesa za matumizi, na hapana hata mmoja wetu aliyeuliza juu ya macho. Tulipanga afanyiwe Mombasa. Akakataa. Kitanda chake ni Kibomet, daktari wake atakuwa wa Kitale, na wa kumwekea matone ya dawa atakuwa mwenye hoteli, ambaye alikwisha kujitolea kabla hatujamaliza kueleza.

Msomaji atakayepita njia hizo achukue sweta, na aulize kibanda chenye dirisha. Jumanne mchana bado ni ya wanawake; kijana ameona kuwa inalipa. Chakula kiagizwe mapema, na mwenye haja ya kuku wa halali aseme siku moja kabla.

Sisi tulirudi Mombasa na godoro letu bila mgeni. Jicho la kulia lilipasuliwa mwezi wa Januari, na juma la tatu Shangazi alitupigia simu akitoka sinema. Alilalamika kwamba shuka la ukutani lina madoa ya mchuzi na hakuna aliyemwambia, na kwamba Raj Kapoor ni mwembamba kuliko alivyomkumbuka.