Bunduki Hamsini za Kabaka

Muhula uliopita, katika somo la siasa, mhadhiri alitueleza habari za jimbo la Missouri nchini Marekani. Mwaka 2021 jimbo hilo lilitunga sheria ya kuwakataza polisi wake kuisaidia serikali ya shirikisho kutekeleza sheria za bunduki ambazo jimbo halizitaki. Idara ya polisi iliyokiuka ingeweza kutozwa faini ya dola 50,000. Darasa lilicheka. Kijana mmoja wa Mbale akasema, "Hiyo si serikali, hiyo ni fujo."

Mimi sikucheka. Ninakaa Old Kampala, chini kidogo ya msikiti mkuu, na kilima hiki kiliingia katika historia kwa swali hilohilo: nani amruhusu nani kushika bunduki? Kapteni Lugard wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki alipiga kambi hapa Desemba 1890, akajenga ngome na kuweka bunduki ya rashasha aina ya Maxim. Januari 1892 aliwagawia silaha Waganda Waprotestanti waliokuwa wakigombana na wenzao Wakatoliki, na upande aliougawia ndio ulioshinda vita vya Mengo. Wageni wanaopanda ngazi za mnara wa msikiti siku hizi huonyeshwa Namirembe, Lubaga na Mengo. Ngome ilikuwa hapohapo wanaposimama.

Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliiingiza bunduki katika makaratasi. Kila mwenye bunduki alitakiwa kulipa kodi ya rupia 3 kwa mwaka. Kabaka Daudi Chwa, ambaye bado alikuwa mtoto mdogo, alipewa leseni 50 za bure kwa ajili ya watu wa nyumba yake. Mawaziri na machifu walipewa chache zaidi. Babu yake, Mutesa wa Kwanza, alinunua bunduki kwa wafanyabiashara wa pwani bila kumwomba mtu leseni. (Wafanyabiashara hao ndio walioleta na Kiswahili. Sisi wanafunzi wa lugha hii hatupendi kukumbushwa kwamba ilifika Buganda katika msafara mmoja na baruti.)

Lakini ibara inayonisumbua zaidi katika mkataba ule ni ya 6. Inasema kwamba Waingereza watamtambua Kabaka maadamu yeye, machifu na watu wake wanashirikiana nao kwa uaminifu katika kuiendesha Buganda. Maana yake ni kwamba ushirikiano haukuwa hiari, bali ndiyo bei ya kuwa Kabaka. Gavana Cohen aliitumia ibara hiyohiyo Novemba 1953. Mutesa wa Pili alikataa kuahidi ushirikiano alioutaka Gavana, naye akaondolewa kwenye kiti na kupelekwa Uingereza kwa ndege. Alirudi Oktoba 1955.

Kwa Wamarekani mambo yamekaa kinyume cha hivyo. Sheria ya mwaka 1993 iliwataka maofisa wa polisi wa wilaya wachunguze kila anayetaka kununua bastola. Jay Printz, mkuu wa polisi wa wilaya moja ya Montana, alikwenda mahakamani. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba serikali ya shirikisho haiwezi kuwaamuru watumishi wa majimbo wafanye kazi yake. Inaweza kutuma watu wake wenyewe, na jimbo haliwezi kuwafukuza, ila halilazimiki kuwabebea mzigo. Missouri ilivuka mpaka huo, kwa kuwa haikuishia kukataa kusaidia. Ilitangaza pia kwamba sheria zenyewe ni batili. Ndiyo maana mwaka 2024 mahakama ya rufaa iliikataa sheria yake.

Buganda nayo ilivuka mpaka. Katiba ya mwaka 1962 iliipa hadhi ya shirikisho ndani ya Uganda, na mwaka uliofuata Kabaka akawa Rais. Februari 1966 Obote aliisimamisha katiba hiyo, na Aprili akaleta nyingine iliyoiondolea Buganda hadhi yake. Tarehe 20 Mei Lukiiko liliitaka serikali kuu iondoke katika ardhi ya Buganda kabla ya mwisho wa mwezi. Siku nne baadaye wanajeshi walioongozwa na Idi Amin waliushambulia Lubiri. Mutesa aliruka ukuta na kutoroka. Alifia London mwaka 1969.

Mahakama ilisemaje? Ilisema baadaye. Katika kesi ya chifu wa saza Michael Matovu, aliyewekwa kizuizini siku hizohizo, majaji waliamua kwamba katiba mpya ilikuwa halali kwa sababu walioileta walikuwa wamefaulu kutawala. Hoja hiyo nimeisoma mara nyingi, na bado naona imeandikwa na watu waliosikia mizinga kwanza. Missouri ilikaidi, ikashtakiwa, ikashindwa, na hakuna ikulu iliyochomwa.

Wenzangu wengi wa Buganda wanadai federo, nami nikiwamo. Tunazungumza juu ya ardhi, kodi, shule na lugha. Juu ya polisi hatuzungumzi, na mtu akiuliza chifu wa saza atafanya nini siku amri ya kukusanya silaha, au ya kukamata watu, itakapotoka juu naye hakubaliani nayo, mazungumzo hugeuka kuwa mzaha. Nadhani hapo ndipo pa kuanzia. Katiba isiyosema wazi kwamba wa chini anaweza kukataa kusaidia, na kwamba kukataa huko si uasi, itaturudisha kwenye ibara ya 6.

Jjajja wangu alikuwa msichana mdogo Ndeeba mwaka 1966. Kwa watu wa rika lake Kiswahili ni lugha ya askari: toka nje, lala chini, panda gari. Nilipomwambia ninakisomea chuoni aliniuliza kama nataka kujiunga na jeshi. Juzi nilimsimulia habari za Missouri, kwa Kiganda, akiwa anamenya matoke. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na hao polisi wa jimbo," akauliza, "mshahara wao unatoka wapi?"

"Kwenye jimbo, Jjajja."

"Na bunduki zao?"

"Za jimbo pia."

Akaitikia "mm," akachukua ndizi nyingine.