Programu ya Maswali 10 na Hitilafu Niliyoiandika Mwenyewe

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, mnisamehe. Niko nyumbani Matungu, ambako miwa imezunguka boma letu pande tatu na mtandao hushika vizuri ukisimama karibu na tangi la maji. Nimekuwa nikiandika programu ndogo ya kumsaidia mwanafunzi wa chuo kikuu ajipime unywaji wake wa pombe. Nilianza kwa sababu ya mdogo wangu, yuko mwaka wa pili, na mama anasema siku hizi "amebadilika". Nikaishia kujipima mwenyewe.

Kwa asiyejua: Shirika la Afya Duniani lina kidadisi kiitwacho AUDIT. Maswali 10, alama 0 hadi 40, na ukifika 8 unaambiwa unywaji wako ni wa hatari. Kwetu watengenezaji programu hiyo ni kazi ya jioni moja: ukurasa, vitufe, jumla, ujumbe. Nilijaza kwa majaribio nikapata 6. Nikafurahi, nikalala!

Kesho yake nikaona hitilafu. Maswali 8 ya kwanza hupewa alama 0 hadi 4. Mawili ya mwisho yana majibu matatu tu, na alama zake ni 0, 2 na 4. Mimi nilikuwa nimetumia kitanzi kimoja kwa yote, basi hayo mawili yakahesabiwa 0, 1, 2. Nayo ndiyo mazito. La 9 linauliza kama kuna mtu aliyeumia kwa sababu ya kunywa kwako. Nikiwa mwaka wa nne niliendesha pikipiki ya kuazima nikiwa nimelewa, tukaanguka. Mwenzangu wa chumbani alivunjika mkono, na hadi leo kidole chake kimoja hakinyooki. La 10 linauliza kama jamaa amekuambia upunguze. Mama aliniambia Pasaka ya mwaka huu. Nikarekebisha msimbo: 9.

Bado. "Kinywaji kimoja" katika kidadisi kile si chupa, ni gramu 10 za alkoholi. Tusker ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina gramu 16 na ushei. Kwota ya pombe kali, mililita 250 kwa asilimia 40, ina gramu 79 hivi, yaani karibu vinywaji vinane! Chupa zangu tatu za kawaida zilikuwa vinywaji vitano. Chupa nne huvuka sita, na nne mimi huzifikisha kila mwezi. Jumla mpya: 12. Sasa programu inauliza chupa na kwota, hesabu inafanya yenyewe.

Wenzetu walianza zamani. Mwaka 1986 Perkins na Berkowitz huko Marekani waliandika kwamba wanafunzi hudhani wenzao wanakunywa kuliko ilivyo kweli. Ndiyo maana programu kama e-CHECKUP TO GO ya San Diego State University humwonyesha mwanafunzi unywaji wake kando ya ule wa wenzake. Mimi grafu hiyo nimeiacha. Kumlinganisha kijana wa Kakamega na takwimu za California ni kumdanganya, na akigundua hataamini kitu kingine chochote kwenye ukurasa.

Je, zinasaidia? Kidogo. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017 yalikuta kwamba waliotumia programu za namna hii walipunguza gramu 23 hivi kwa wiki. Hiyo ni kama Tusker moja na nusu. Wapo watakaocheka. Mimi nimefikiria chupa moja na nusu za usiku ule wa pikipiki, sicheki.

Programu haina seva wala haiulizi jina. Ukifunga ukurasa, majibu yamekwenda. Chini nimeweka nambari ya NACADA, 1192, ambayo ni ya bure.

Jumapili nikampa mdogo wangu simu. Swali la kwanza kutoka kwake:

"Kaka, mama ataona?"

"Hata mimi sitaona."

Akasoma kidogo. "Na busaa? Kwa babu tunakunywa chungu kimoja watu sita. Nihesabu mirija?"

Sikuwa na jibu. Busaa ya unga wa mahindi na kimea cha wimbi haina kibandiko cha asilimia, na anayevuta mrija hajui amevuta kiasi gani. Mpaka sasa sehemu hiyo ya msimbo iko wazi. Nikamwambia aweke anachokumbuka cha chuoni tu.

Akatoka nayo nje, akakaa chini ya mwembe. Baada ya muda akachungulia mlangoni.

"Kwota ni mililita ngapi?"

"250."

"Na ukinywa mbili?"

"Andika mbili, itajumlisha."

Akarudi mwembeni.